Rangi za Njia ya Misafara



Huko Ulaya wako wanaojiburudisha kwa kushona upya mavazi ya Ufaransa ya karne ya 18. Nasi wa Tabora, tangu Chemchem hata Kwihara, tunayo yetu ya kufufua: weupe wa merikani, nili ya kaniki, na wekundu wa ushanga ulioitwa samesame. Stanley, aliyefika Unyamwezi mwaka 1871, aliandika kuwa huku ushanga mwekundu ndio uliopokewa, na Ugogo mweusi. Msafara uliokosea rangi ulikosa cha kununulia chakula.

Basi enyi mabinti, saa za faragha twaeni kitambaa cheupe, mtarizi ukingo wake kwa uzi wa nili, kisha mtunge shanga nyekundu pembeni. Pambo ni halali, maadamu halina israfu wala majivuno.

Nanyi wazazi, wanaposhona waelezeni yote: kwa nguo na shanga kama hizo zilinunuliwa pembe za ndovu, na wakanunuliwa wanadamu pia. Binti asirithi rangi bila ya kuijua habari yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie mapambo yasiyo na dhuluma ndani yake. Amin.