Stata ya Lori Isichaguliwe kwa Bei

Yeyote apitaye Mpondwe, mpakani baina ya Uganda na Kongo, karibu na mji wa Bwera, huona malori yamesimama foleni huku injini zikinguruma. Sehemu ya ngurumo hiyo ni hasara tupu. Dereva aogopa kuzima injini kwa kuwa hana hakika kama itawaka tena. Mwenziwe ameegesha penye mteremko, jiwe chini ya gurudumu, akitumainia kusukumwa. Sisi twaona kwamba mazoea haya hayafai kuendelea, na kwamba dawa yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Kasese. Reli ya kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni zilikoma katika miaka ya 1990. Tangu hapo saruji ya Hima, chumvi ya Katwe na kahawa ya milimani hutegemea barabara. Mwaka 2021 Uganda na Kongo zilizindua kazi ya kutengeneza barabara ya kutoka Kasindi hadi Beni, na njia njema huita magari mengi zaidi. Katika jeshi twafundishwa kwamba gari lisilowaka linapohitajiwa halihesabiki kuwa gari. Kanuni hiyo yamfaa pia mwenye lori la ndizi.

Yafaa kwanza tufahamu kazi yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ile ya petroli. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ibaki sehemu moja ya 16 au hata ya 20 ya ujazo wake, nayo hupata joto lipitalo digrii 500 za Selsiasi. Ndipo mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Basi stata haina budi kushinda mgandamizo huo, na kuizungusha injini kwa kasi ya mizunguko 100 hadi 200 kwa dakika. Ikizunguka polepole, joto hupotea katika kuta za silinda na moto haupatikani, hata ukishika ufunguo mchana kutwa.

Kwa hiyo stata ya dizeli isichaguliwe kwa sababu tu matundu ya bolti yamelingana. Mnunuzi na aulize mambo matano: volti, nguvu kwa kilowati, idadi na ukubwa wa meno, upande izungukao, na kina cha kuingia kwenye ringi ya flaiwili. Stata ivutayo kilowati 4 katika volti 12 huhitaji amperi zaidi ya 330. Katika volti 24 huhitaji nusu yake. Ndiyo maana malori makubwa hufungwa betri mbili kwa mfuatano. Zipo pia stata zenye gia ya kupunguza mwendo: mota yake ni ndogo na huenda mbio sana, kisha gia hugeuza mbio hizo kuwa nguvu. Kwa injini ngumu aina hiyo hufaa sana, mradi iwe imeundwa kwa injini ile ile.

Hata hivyo, kabla ya kununua, mtu na apime. Stata nyingi hutupwa hali kosa ni la waya. Waya wenye ukinzani wa omu 0.005 tu, ukipitisha amperi 300, hula volti 1.5 njiani. Vumbi, tope na kutu kwenye vichwa vya betri na kwenye waya wa ethi hutosha kuleta hasara hiyo. Fundi na apime betri wakati stata inazungusha: ile ya volti 12 ikishuka chini ya 9.6, betri ishukiwe kwanza. Ikiwa betri imesimama imara lakini volti kwenye stata ni chache mno, waya ndio mwizi.

Sauti nayo hutoa ushahidi. Mgongo wa haraka, tiki-tiki-tiki, kwa kawaida ni upungufu wa umeme. Mgongo mmoja kisha kimya waelekeza kwenye solenoidi iliyoungua au kaboni zilizokwisha. Stata ikizunguka peke yake bila kushika injini, tazama kidaka cha meno. Ikipata umeme kamili na bado ikaenda kwa uzito, bushi zimelika, au injini yenyewe imekaza. Na injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, stata haina hatia; tafuta mafuta, au hewa iliyoingia kwenye mabomba.

Watasema wenye magari kwamba fedha ni haba, na kwamba kusukuma hakugharimu kitu. La hasha! Lori lililojaa shehena, injini ikiwa imezimika, usukani wake huwa mzito na breki zake za upepo hazijazwi. Likiteleza kwenye barabara yenye akina mama wa sokoni na watoto watokao shule, gharama yake haitalipika kwa shilingi. Kinyume chake, kusugua vichwa vya betri na kukaza waya wa ethi ni kazi ya saa moja.

Twawasihi madereva wasishike ufunguo zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, na wapumzishe stata dakika moja au mbili, maana joto huiua. Twawasihi mafundi wa Kasese na Bwera wapime kabla ya kuhukumu. Na wenye malori wajue kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine ukuta huo utajengwa kwa fedha ya matanga.