Mpini upimwe kwa mkulima

Msimu ukikaribia, mkulima wa Karagwe au Kyerwa hushuka Kayanga kununua jembe. Huuliza bei, hugonga bamba kusikia mlio, kisha huchukua mpini wowote uliopo. Sisi tunasema hapo ndipo hasara inapoanzia.

Mpini mfupi humwinamisha mtu kutwa nzima, na mzito humchosha kabla jua halijakali. Mara nyingi mama anapalilia maharage migombani kwa jembe lililokatiwa baba. Mgongo ukiuma, palizi huchelewa na mavuno hupungua.

Ufalme wa Karagwe ulikuwa na wahunzi wake hata kabla Speke na Grant hawajafika kwa Rumanyika mwaka 1861. Ufundi si jambo geni kwetu.

Fundi mzuri utamjua kwa maswali yake: unatifua au unapalilia? Shamba ni la mteremko? Atakusimamisha, apime, achague mti mkavu, agonge kabari, kisha akuachie ujaribu udongoni kabla ya kulipa.

Wenye maduka nao waweke mipini ya urefu tofauti. Mteja aliyepata jembe linalomfaa hurudi, tena huja na jirani.