Ukigundua dada wa kazi anakunywa pombe ya kabatini

Kuna habari ambazo katika jumuiya zetu husemwa kwa sauti ya chini. Mojawapo ni hii: nyumbani kwa mtu anayesali kila Jumapili, dada wa kazi amekutwa akinywa pombe ya mwenye nyumba. Inasemwa kwa kunong'ona kwa sababu ina aibu mbili. Ya kwanza ni ya dada. Ya pili ni kwamba, ili dada aibe pombe nyumbani kwako, lazima kwanza pombe iwemo.

Mama mmoja mwanakwaya alinisimulia yaliyomkuta. Siku ya sherehe ya kipaimara cha mwanawe, shemeji yake alimiminiwa pombe kali, akaonja, akacheka: "Shemeji, hii mmeichakachua." Kweli, chupani mlikuwa na maji yenye harufu tu. Chupa ya mvinyo mwekundu nayo ilikuwa imejazwa juisi ya rozela. Wageni walipoondoka, mama akaanza kukumbuka mambo aliyokuwa akiyaona bila kuyaelewa: dada kutafuna bigijii tangu asubuhi, mlango kuchelewa kufunguliwa mchana, na mtoto mdogo, ambaye hajafikisha miaka miwili, siku nyingine kulala mchana kutwa.

Nikamuuliza alifanya nini. Akasema, "Nilimtoa usiku ule ule." Ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Binti wa miaka 19, mfuko mmoja wa nguo, mji asioujua zaidi ya sokoni na dukani. Mshahara wa wiki tatu hakupewa, "kwa sababu amekunywa zaidi ya huo."

Najua wengi mnaosoma hapa mngefanya hivyo hivyo, na wengine mmeshafanya. Hasira ile naielewa. Mtu uliyemwachia mtoto wako amekuwa akimlea akiwa amelewa, na wewe uko kazini unaamini kila kitu kiko sawa. Lakini hebu tuitazame siku ile polepole, maana ndani yake kuna mambo kadhaa ambayo hasira huyafunga katika furushi moja.

Tuanze na mtoto, kwa sababu katika simulizi nyingi za namna hii yeye ndiye anayesahaulika kwanza. Watu wanahesabu chupa, wanapekua begi la dada, wanapigia ndugu simu, na mtoto amelala chumbani hakuna aliyemtazama. Tangu saa ile uliyogundua, dada asiachwe tena na mtoto. Hapo hakuna mjadala wa kiroho. Nimewahi kusikia mtu akifundisha kwamba ukisamehe ni lazima umrudishie mtu kila kitu kama kilivyokuwa. Sikubaliani naye. Unaweza kumsamehe dereva aliyelewa na bado usimpe funguo za basi.

Kisha liko swali ambalo ni lazima liulizwe: je, mtoto naye alipewa? Wapo walezi wanaomtilia mtoto pombe kidogo kwenye maziwa au uji ili alale. Kwa mtoto mdogo, hata kiasi ambacho mtu mzima hakihesabu kinaweza kushusha sukari mwilini, akalegea, akalala usingizi usio wa kawaida, hata kupata degedege. Ukiwa na shaka, nenda hospitali na umwambie daktari neno lenyewe, pombe. Usiseme "labda amekula kitu." Aibu yako mbele ya daktari haina uzito wowote ukiilinganisha na mtoto yule. Na hii ndiyo sababu mojawapo ya kutoanza kwa kofi wala matusi. Jibu la dada unalihitaji, na mtu anayepigwa huficha.

Mtoto akishakuwa salama, ndipo unaketi na dada. Nasema unaketi. Katika 2 Wafalme sura ya 5 tunamkuta Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani kwa siri akachukua fedha na mavazi ambayo bwana wake alikuwa ameyakataa. Elisha alikuwa tayari anajua kilichotokea. Hata hivyo alianza kwa kumuuliza ametoka wapi. Gehazi akadanganya, na hukumu yake ikawa nzito. Biblia haisemi kwamba mtumishi asiwajibishwe. Lakini swali lilitangulia, hata pale ambapo jibu lilijulikana.

Ayubu anakwenda mbali zaidi. Katika sura ya 31, akijitetea mbele za Mungu, anataja miongoni mwa mambo anayojipima nayo kwamba hakuidharau kesi ya mtumishi wake, awe wa kiume au wa kike, walipokuwa na neno juu yake. Hoja yake ni kwamba aliyewaumba tumboni ni Mmoja. Hebu fikiri, katika nyumba ya tajiri yule mtumishi wa kike alikuwa na haki ya kumlalamikia bwana wake na akasikilizwa. Ni nyumba ngapi za Wakristo leo dada wa kazi anaweza kusema, "Mama, nina neno juu yako," kisha kesho akaamkia pale pale?

Kwa hiyo mwite: "Dada, njoo ukae." Akiitika abee, muulize ilianza lini, anakunywa saa ngapi, na kwa nini. Utakachosikia hakitafanana nyumba hadi nyumba. Kuna atakayekuambia wazi kwamba alionja akapenda, na alidhani hutajua. Huyo ni mwizi wa kawaida, mshughulikie hivyo. Kuna aliyetoka vijiji ambako ulanzi au komoni hunywewa tangu ujana, na wanaosaidia shambani hupozwa kwayo mchana. Yeye kosa la kuiba analiona, la kunywa halioni, na inabidi ufundishe lile asiloliona. Kuna ambaye mikono inatetemeka asubuhi mpaka apate kidogo. Huyo anaumwa, na kumfungia ndani aache kwa ghafla kunaweza kumhatarisha. Anahitaji kituo cha afya kabla ya maombi, au pamoja na maombi.

Na kuna atakayesema neno dogo ambalo hutalipenda: "Nilikuwa sipati usingizi." Anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule. Analala saa tano usiku baada ya baba kula. Mtoto akilia usiku, ni yeye. Jumapili nyinyi mkienda ibadani, yeye anabaki na mtoto na sufuria za chakula cha mchana. Hana rafiki mtaani kwa sababu mmemkataza kuzoeana na majirani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na amri ya nne ilimtaja mtumishi wa kike kwa jina la kazi yake muda mrefu kabla ya Bunge. Uchovu haumpi ruhusa ya kunywa akiwa na mtoto. Lakini kama nyumba ndiyo inayomchosha mtu kiasi hicho, hata dada mpya utakayemleta mwezi ujao atachoka pale pale alipochokea mwenzake.

Sasa nirudi kwenye ile aibu ya pili, maana ndiyo inayoniwasha zaidi. Ugomvi wa divai sitautatua leo. Makanisa yetu hayakubaliani: wapo wanaokumbuka harusi ya Kana, wapo waliokula kiapo cha kutoonja kabisa, na kila upande una watakatifu wake. Ninachouliza ni kingine. Jumuiya inapokuja kusali kwako jioni, chupa zinakwenda wapi? Na nani anazipeleka?

Katika nyumba nyingi ninazozijua, ni dada. "Dada, toa zile chupa haraka, baba mchungaji yuko getini." Anazibeba, anazisukuma chini ya kitanda chake, au nyuma ya ndoo stoo. Wageni wakiondoka anazirudisha. Anajua zilipo, zimebaki kiasi gani, na anajua kwamba hakuna atakayekwenda kulalamika kanisani zikipungua, kwa kuwa kanisani hazipo. Kwa miezi mingi mmemfundisha kwamba katika nyumba hii pombe hunywewa kwa kujificha. Alipojificha na yeye, mkashangaa.

Kama unaamini mbele za Mungu kwamba unaweza kuwa na chupa hiyo, iache mahali pake siku mchungaji akija, mzungumze naye kama watu wazima. Kama huamini hivyo, unaifuga ya nini? Kwa vyovyote vile, ukiamua ibaki, weka kufuli na funguo zako mwenyewe. Nyumba yenye watoto ilihitaji kufuli hilo hata kama dada ni malaika.

Halafu fedha. Mara nyingi dada wa namna hii ataondoka, na si dhambi kumwachisha kazi ya kulea mtoto ambaye ameshindwa kumlea salama. Lakini aondoke mchana. Siku alizofanya kazi alipwe. Kumbukumbu la Torati 24 inataka ujira wa maskini utolewe kabla jua halijatua, na haisemi isipokuwa akiwa na kosa. Sheria yetu ya kazi nayo haikupi uhuru wa kukata mshahara kwa hasira: hata pale hasara inapotokana na kosa la mfanyakazi, unatakiwa kumweleza kwa maandishi, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Tena kama ulimtoa Iringa au Singida, nauli ya kumrudisha ni juu yako. Yule mama wa kwaya alikuwa halijui hilo. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nauli imepanda.

Na picha yake usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nuhu alilewa hemani mwake mpaka akalala uchi, na wanawe watatu walijua. Hamu alitoka akasimulia. Shemu na Yafethi waliingia kinyumenyume na nguo begani, wakamfunika bila kumtazama. Wote walikuwa na habari ile ile, tena ya kweli.

Lakini kufunika si kumdanganya mtu mwenye haki ya kujua. Wiki mbili tatu zijazo simu yako italia, namba ngeni, mama mwingine anataka kumchukua dada huyo kwa mtoto wake wa miezi minane, na anauliza kwa nini aliondoka kwako. Wengine hapo hujibu "aliondoka tu mwenyewe," eti kwa huruma. Mwambie huyo mama alikunywa pombe akiwa na mtoto, mwambie kama alikiri, mwambie kama ameanza matibabu au hajaanza. Shauri kazi ya kulea isubiri. Akikuuliza kama anajua kupika, kufua na kuamka mapema, na kama kweli anajua, mwambie hilo pia.