TUSHINDANE KWA WIMBO, SI KWA KUFICHA NYUZI



Tangu majuma mawili shule yetu iko na korali mbili zisizosalimiana. Moja inashika nyimbo za kitabu, bila gitare. Ingine inataka gitare na mwendo wa rumba. Kila upande unasema: "Bale banatuibia sauti!" Mimi ninasema wazi: mashindano si ubaya. Ubaya ni namna tunavyoyafanya.

Katika historia tulisoma juu ya Renaissance kule Italia. Mwaka wa 1401, mji wa Florence uliita mafundi washindanie kazi ya milango ya shaba ya nyumba ya ubatizo. Kila fundi alipashwa kuonyesha Abrahamu akitaka kumtoa Isaka sadaka. Ghiberti akapata kazi, Brunelleschi akaikosa. Je, alienda kuharibu milango ya mwenzake? Hapana. Aligeukia ujenzi, na toka 1420 mpaka 1436 akasimamisha kuba kubwa ya kanisa kuu la mji ule ule. Mji ukapata vitu viwili vizuri pahali pa kimoja.

Mtanijibu: "Ulaya ni mbali." Vema, turudi kwetu. Kule Léopoldville, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco zilishindana kabisa. Kabasele aliimba kwa ulaini. Franco alipiga gitare kwa nguvu ya mtaani. Kila mmoja alimsukuma mwenzake kutafuta kitu kipya. Lakini mwaka wa 1960, wakati wa Meza ya Duara kule Bruxelles, Kabasele alisafiri pamoja na Vicky Longomba wa OK Jazz, na nchi ikapata wimbo wake wa uhuru. Mwaka wa 1983, Franco na Tabu Ley, wapinzani wa miaka mingi, walitoa sahani pamoja. Na Desemba 2021, UNESCO ilipoandika rumba kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, ilikuwa rumba ya wote, si ya orkestra moja.

Ninyi wa kitabu, msisahau kwamba hata nyimbo zile zilikuja na wamisionere, na siku moja zilikuwa ngeni hapa. Ninyi wa gitare, msisahau kwamba Franco mwenyewe alifundishwa na wakubwa wake.

Sasa kuko jambo moja linaloniuma. Siku ya mazoezi, nyuzi za gitare zilipotea. Mimi nilijua nani alizificha. Nikanyamaza, juu ni mwenzangu wa korali ya kitabu. Mkubwa wa wanafunzi anayenyamaza vile naye ameficha. Ninaomba radhi mbele ya wote. Huyo ndugu nimemwambia azirudishe mwenyewe mbele ya Jumamosi. Akikataa, nitaenda naye kwa Bwana Prefe.

Shauri langu ni hili: siku ya kufunga mwaka kila korali iimbe wimbo wake mzuri kupita yote, na wasikilizaji waamue. Kiisha, wote tuimbe wimbo mmoja, wa kitabu, pamoja na gitare. Atakayeshindwa siku ile asivunje kitu. Aende kutafuta kuba yake.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita