Roketi Isiyo na Mapezi Darasani

Roketi ya karatasi inapoingia katika somo la sayansi, aghalabu mwalimu hukata mapezi matatu, huyabandika mkiani, kisha huwaambia watoto kwamba mapezi ndiyo yanayoifanya iende sawa. Watoto huandika, hukariri, na jambo huishia hapo. Kwa maoni yangu utaratibu huu wapasa kupinduliwa. Mtoto na aanze na roketi isiyo na mapezi, aione ikishindwa, ndipo atafute sababu.

Vifaa ni vichache: bomba la karatasi lililozibwa ncha moja huvikwa kwenye mrija, likapulizwa mbali na nyuso za wenzake. Likiwa tupu hupinduka-pinduka kama kijiti kilichotupwa. Hapo mwalimu asiseme neno. Awape udongo wa mfinyanzi kidogo waubandike puani, na ukanda wa karatasi nyepesi waufunge mkiani. Sasa roketi itatangulia pua, na bado haina hata pezi moja.

Sababu ni mahali pa vitovu viwili. Kitovu cha uzito ndipo bomba linapotulia sawa juu ya kidole. Kitovu cha msukumo wa hewa ndipo nguvu zote za hewa inayolipiga ubavuni huwa kana kwamba zimekusanyika. Chombo kilicho hewani hugeuka kwa kukizunguka kitovu cha uzito. Basi kitovu cha hewa kikiwa nyuma yake, upepo huurudisha mkia njiani, na kikiwa mbele, huigeuza pua. Udongo husogeza kitovu cha uzito mbele. Ukanda huongeza ukinzani wa hewa nyuma. Watoto waliorusha vishada wanaujua mkia huo kabla hawajaanza shule.

Kuna desturi ya kukata umbo la roketi katika kadibodi na kulisawazisha kidoleni ili kukisia kitovu cha hewa. Ni njia nzuri, lakini mwalimu aujue mpaka wake, kwani huchukulia kwamba upepo unapiga ubavu mzima. Roketi inapoinama kidogo tu, bomba lenyewe karibu halitoi nguvu ya ubavuni. Nguvu hiyo hutoka puani, na kitovu cha hewa huwa huko huko mbele. Ndiyo maana bomba lisilo na mapezi wala ukanda laweza kupita mtihani wa kadibodi, kisha likayumba hewani.

Wanachuo wengine watadai kwamba yatosha kuiweka injini juu ili uzito uning'inie chini yake. Robert Goddard wa Marekani alirusha roketi ya namna hiyo huko Auburn, Massachusetts, tarehe 16 Machi 1926; ilipaa kama meta 12 na kuruka sekunde mbili na nusu. Lakini injini iliyofungwa imara kwenye chombo huinama pamoja nacho, na msukumo wake huinama vilevile, hivyo hakuna kinachokirudisha wima. Baadaye Goddard aliihamishia injini mkiani.

Nitaambiwa kwamba muhtasari wa masomo hauna nafasi ya vipindi viwili kwa bomba la karatasi. Nafasi ipatikane kwa kupunguza imla ya majibu. Katika kipindi cha pili mapezi yaletwe, na mwalimu asiwaonyeshe watoto pa kuyabandika. Watakaoyabandika karibu na pua waachwe wapulize.