Siku 21 za likizo zisiishie matangani

JIRANI yangu mmoja ni karani katika afisi fulani mjini Kisii. Desemba iliyopita mwanawe alipashwa tohara, na kila mzazi katika nchi ya Gusii anajua uzito wa siku hizo. Lakini alipoomba ruhusa, bosi alifungua faili na kumwambia, "Bwana, likizo yako imekwisha."

Ilikwishaje? Siku tatu matanga Keroka. Nne mazishi Borabu. Mbili harusi ya binamu. Zilizosalia alizichukua mojamoja kwa sababu ambazo hata yeye hazikumbuki. Kufikia Agosti zote 21 zilikuwa zimeliwa, naye hajapumzika hata juma moja. Kijana wake alitoka jandoni baba akiwa afisini.

Sasa msomaji, sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila anapotimiza miezi 12. Siku hizo zaweza kugawanywa, mradi mwajiri na mfanyakazi wakubaliane. Wengi wetu hukomea hapo. Lakini sheria inaendelea kusema kwamba, isipokuwa mapatano ya kazi yaeleze vingine, fungu moja lisipungue majuma mawili mfululizo, na lichukuliwe mwaka huo huo. Siku zinazobaki zaweza kungoja, ila zisipite miezi 18 baada ya mwaka huo kwisha.

Kwa anayefanya kazi siku sita kwa juma, hesabu ni nyepesi: 12 za pamoja, tisa za dharura. Januari ketini, mume na mke, mpange zile 12 mapema na kuziandikia barua.

Na matanga je? Sheria hiyo haikutenga likizo ya msiba. Waajiri wengine hutoa siku chache kwa hiari yao, kwa hivyo usome mkataba wako.

Ugonjwa una fungu lake. Aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya siku saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Mama aliyejifungua naye ana miezi mitatu, na baba majuma mawili. Chini ya sheria ya mwaka 1976 mama alipata miezi miwili tu na kupoteza likizo yake ya mwaka. Siku hizi haipotezi.

Nilipomweleza jirani haya, alimkasirikia sana bosi wake kwa kumwachia azimalize siku zake kwa vipandevipande. Nikamwuliza, "Na yule binti anayekulelea watoto, likizo yake ni lini?"

Akanyamaza. Binti yule kwao ni Nyamira, si mbali, lakini hajakanyaga huko tangu Pasaka. Mtumishi wa nyumbani naye ni mwajiriwa. Siku 21 ni zake pia, na mshahara wake mkononi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Jumatatu iliyofuata nilimwona binti huyo akipanda matatu ya Nyamira, mkoba begani, akicheka. Majuma mawili, aliniambia.

Wako, msomaji, alikwenda kwao lini?