Kidege cha Kamera na Sitara ya Jirani



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, tunaingia katika kadhia ambayo miaka ishirini iliyopita haikuwa na nafasi katika majlisi zetu. Mama mmoja wa Kilindini ametuletea suala. Mwanawe, aliyetimiza miaka 18 na kumaliza kidato cha nne, ameletewa zawadi na mjomba wake kutoka Maskati: droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera. Kijana hana usingizi kwa furaha. Majirani wawili nao wamekwisha kumjia mama huyo na malalamiko, ilhali kidege chenyewe hakijaruka hata mara moja. Anatuuliza: akifungie kabatini, akiuze, au amwachie mwanawe afanye apendavyo?

Hatuoni kuwa jibu ni mojawapo ya hayo matatu. Wanavyuoni wa usuli husema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza.

Chombo chenyewe

Kidege cha namna hii huwa na panga nne, kila moja na mota yake. Panga mbili huzunguka upande wa kulia na mbili upande wa kushoto, ili kidege chenyewe kisizunguke hewani kama pia. Kikitakiwa kwenda mbele, kompyuta iliyo ndani huongeza kasi ya panga za nyuma; kikitakiwa kurudi, huongeza kasi ya panga za mbele. Kipokezi cha ishara za setilaiti hukijulisha mahali kilipo, ndipo kikaweza kusimama angani kama kilichotundikwa hata mwenyewe akiacha vidude vya kuongozea. Picha hufika papo hapo kwenye simu iliyo mkononi. Betri ya droni nyingi za kujifurahishia hudumu kiasi cha dakika 20 hadi 30 tu, kisha ni lazima kitue.

Tamaa ya kupaa si ngeni kwa Waislamu. Mwanahistoria al-Maqqari amesimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Kordoba, aliyeishi katika karne ya 9, kwamba alijivika manyoya na mbawa akaruka kutoka mahali pa juu. Alielea kwa muda, lakini akaumia wakati wa kutua, kwa kuwa hakujifanyia mkia. Kila kijana anayeshika droni na aikumbuke habari hiyo. Kupaa ni kazi nyepesi; kifaa hupaa kwa kubonyeza kitufe. Elimu iko katika kujua utapita wapi, juu ya nani, na utatua vipi.

Wala tusidhani kuwa chombo hiki ni cha mchezo peke yake. Kuanzia mwaka 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni ili kutengeneza ramani ya nchi nzima, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kuzirusha. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu katika hospitali za mashambani kwa ndege zisizo na rubani. Hapa kwetu, droni inaweza kukagua kuba la msikiti bila ya fundi kuhatarisha maisha yake juu ya ngazi, au kuonyesha mikoko ya hori la Tudor imepungua kiasi gani. Kijana wa kiume au binti aliyeijua kazi hii vyema ana ufunguo wa riziki ya halali.

Jicho linaloshuka kutoka juu

Sasa tuje kwenye malalamiko ya majirani, ambayo tunayaona kuwa ya haki.

Waliojenga Mji wa Kale walikuwa watu wa sitara. Nyumba ina baraza kwa wageni wa nje, kisha daka, na ndani zaidi ua uliozungukwa na kuta. Madirisha ya juu yana mbao zilizotobolewa, ili aliye ndani apate upepo na aone njia bila ya yeye kuonekana. Lakini wajenzi hao waliweka kinga dhidi ya jicho linalotoka njiani na jicho linalotoka dirisha la pili. Hakuna aliyeweka kinga dhidi ya jicho litokalo juu, kwa sababu juu kulikuwa na kunguru na mawingu tu. Kwa hiyo uani na juu ya sakafu ndipo mama zetu wanapoanika nguo, wanapoanika achari, wanapokaa jioni vichwa wazi kupunga upepo. Hapo hawana buibui, wala hawapaswi kuwa nalo, wako kwao.

Mwenyezi Mungu, katika Surat an-Nur aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Katika Surat al-Hujurat aya ya 12 ametukataza kupelelezana. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad, mtu mmoja alichungulia kwenye tundu katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume akamkemea vikali na kubainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya macho. Zingatieni sababu hiyo. Mtu yule hakutia mguu ndani. Jicho lake ndilo lililoingia. Basi jicho linalopandishwa angani kwa panga nne na kuingizwa uani mwa watu, hukumu yake ni ile ile ya lililochungulia tunduni.

Mafakihi wa zamani hata walijadili mnara wa msikiti ambao mwadhini akiupanda huona ndani ya nyumba za watu. Ikiwa adhana, ambayo ni ibada, haikumhalalishia mtu kuchungulia maua ya watu, mchezo wa kijana utahalalisha kwa hoja gani?

Huenda kijana akasema, “Mimi simtazami mtu, napita tu kupiga picha ya bahari.” Tunamwamini. Lakini kamera hainyenyekezi macho. Huchukua kila kilicho mbele yake, na picha inaweza kukuzwa baadaye na kutumwa kwa watu wasiojulikana idadi. Zaidi ya hayo, mwanamke aliye juu ya sakafu yake hana njia ya kujua kama anatazamwa au la. Akisikia mvumo tu, atakimbilia ndani na kuacha kazi yake. Hapo madhara yamekwisha kupatikana hata kama hakuna picha iliyopigwa, na dini yetu imejengwa juu ya kutodhuriana.

Sheria ya nchi

Katika jambo hili sheria ya Kenya na adabu ya dini zinafuatana. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zimeweka mambo haya chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Mwenye kumiliki droni awe ametimiza miaka 18. Kuingiza droni nchini kunataka kibali, na droni yenyewe ni lazima isajiliwe. Kwa hiyo ikiwa zawadi ya mjomba ilikuja ndani ya begi bila ya kibali, hatua ya kwanza ya kijana si kutafuta uwanja wa kurushia, bali ni kwenda KCAA kuuliza namna ya kulisawazisha jambo hilo na ruhusa ipi anayoihitaji. Na jamaa zetu walioko Ghuba na waulize kabla ya kununua, zawadi isije ikawa mzigo kwa wanaopewa.

Kanuni hizo zinataka droni isipite futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120. Ikae umbali wa mita 50 au zaidi na watu, magari na majengo yasiyohusika. Na mrushaji aione kwa macho yake muda wote. Kuruka usiku kunataka idhini maalumu. Karibu na viwanja vikubwa vya ndege, ni marufuku kuruka ndani ya kilomita 10 bila ya ruhusa. Mwenye kuitazama ramani ataona kuwa Kilindini yote, na karibu kisiwa kizima cha Mombasa, kimo ndani ya kilomita 10 za uwanja wa ndege wa Moi. Tuongeze bandari, mitambo ya umeme na gati ya mafuta ya Kipevu, na kituo cha jeshi la majini cha Mtongwe ng'ambo ya maji: hizi ni sehemu ambazo hazichezewi. Fort Jesus nayo, ambayo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2011, iko chini ya Makavazi ya Taifa, na ruhusa yao hutakiwa.

Kanuni hizo pia zinamtaka mwenye droni ya kamera aheshimu faragha ya watu, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda kila mtu na nyumba yake. Kwa hiyo kijana wa Kilindini asidhani kuwa mama anayemzuia kurusha droni juu ya mtaa ni mshamba. Mama huyo yuko pamoja na sheria.

Mkono ufunzwe kabla ya jicho

Kijana aanzie wapi basi? Aanze ndani, katika ukumbi uliofungwa na usio na watu, kwa kidege kidogo cha bei nafuu ambacho hata kikianguka hakitii hasara. Ajifunze kukisimamisha mahali pamoja kwa kimo cha mtu. Kisha akipeleke kwa mraba: mbele, kulia, nyuma, kushoto. Kisha akigeuze kimwelekee yeye, kwani hapo kulia huwa kushoto na kushoto huwa kulia, na hapo ndipo wengi hugonga ukuta. Asishike kikubwa mpaka mkono ukubali bila ya kufikiri.

Akishapata usajili na ruhusa, atafute shamba la wazi Kwale au Kilifi, kwa idhini ya mwenye shamba, mbali na viwanja vya ndege, kwani Ukunda na Malindi pia vipo. Aende na mtu mzima wa kumwangalilia watu na ndege. Kabla ya kuruka, asubiri kipokezi kishike setilaiti za kutosha na kifaa kiandike mahali kilipoanzia, kwani ishara ikikatika ndipo kitakaporudi. Aweke kimo cha kurudia juu kuliko minazi iliyopo, la sivyo kitarudi kwa njia iliyonyooka na kujigonga. Asisubiri betri iishe. Ikibaki theluthi moja, na ageuze.

Upepo wetu wana wa pwani twaujua. Kusi likivuma kwa nguvu katika miezi ya Juni na Julai, kidege chepesi huenda upande mmoja kwa raha na kushindwa kurudi. Wakati wa maleleji, baina ya pepo mbili, ndio mwema kwa mwanafunzi, na asubuhi ni bora kuliko alasiri. Hewa ya chumvi hula mota, hivyo kifutwe kwa kitambaa kikavu kila kirudipo. Kuruka chini chini juu ya maji kuepukwe, kwa kuwa vihisi vya tumboni mwa kidege hudanganywa na mawimbi. Kunguru na mwewe nao hawapendi mgeni angani.

Betri zinataka hadhari ya mama mwenye nyumba. Betri ya lithiamu iliyovimba au kupasuka inaweza kushika moto. Isichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya godoro, wala isiachwe juani.

Harusi zetu

Hatuwezi kunyamaza juu ya harusi. Siku hizi wapiga picha huja na droni katika hafla zetu, na kina mama hukusanya simu mlangoni huku jicho la juu likiachwa huru. Mkataba na mpiga picha uandikwe wazi: droni iruke kwa ruhusa ya sheria, upande wa wanaume, na ishuke kabla bibi harusi na wanawake hawajatoka uwanjani. Picha zote akabidhiwe mwenye harusi, na asibaki nazo mtu mwingine. Ikiwa panatakiwa picha za upande wa kina mama, hiyo ni kazi ya binti aliyejifunza, na ni sababu moja zaidi ya kuwafunza mabinti zetu.

Neno letu

Kwa mama aliyeuliza, tunasema: usikifungie kifaa, wala usimwachie. Mpe mwanao masharti matatu. Asajili na kupata ruhusa. Asiruke juu ya mtaa kabisa, hata akiahidi kuizima kamera. Na akutane na wale majirani wawili, awatolee salamu, awaeleze atakachofanya na asichofanya, na awaonyeshe picha zake atakaporudi kutoka shamba. Akiyakubali hayo, amekwisha kuonyesha kuwa ni mtu wa kuaminiwa. Akiyakataa, kifaa kikae kabatini mpaka akili imfikie.

Nanyi majirani, msimhukumu kijana kwa jambo ambalo hajalifanya. Mkiona droni juu ya nyumba zenu, mwendeeni mwenyewe kwa upole. Asiposikia, mpelekeeni mzee wa mtaa. Na sheria ipo. Msirushe mawe, kwani jiwe likikosa kidege hushukia kichwa cha mtoto wa mtu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu na azilinde nyumba zetu, awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa majirani ambao watu wamesalimika na mikono yao, ndimi zao na macho yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.